Sura ya Saba: Mama, Pasipoti na Njia ya Muscat

Mwanamke wa Kahama au Katoro akitamka kwamba anataka kwenda Uarabuni, haulizwi kwanza nauli ameipata wapi. Anaulizwa, "Unakwenda na nani?" Anayeuliza ni kaka yake, ni kijana aliyemzaa mwenyewe, ni majirani aliokaa nao miaka thelathini. Wote wanamjua. Wanajua kwamba ndiye aliyesimamia karasha la kusaga mawe Nyarugusu baada ya mumewe kufariki, au ndiye aliyefundisha shule ya msingi hadi akastaafu, au ndiye anayefuata mzigo Kariakoo na kulala gesti peke yake tangu ujana wake. Lakini likitajwa jina la Uarabuni, ghafla wanamwona ni mtu wa kusindikizwa.

Sura hii ni yake. Msimamo wangu ni kwamba mama aliyevuka miaka 60, mwenye miguu ya kutembea na akili zake timamu, anaweza kwenda nchi ya Kiarabu peke yake na akarudi salama. Kinachomlinda ni mambo manne: nyaraka zilizokamilika, mwili uliopimwa, fedha iliyopangwa, na watu wachache wanaojua hasa yuko wapi. Oman na Falme za Kiarabu hazina sheria inayomtaka mgeni mwanamke aje na mwanamume. Hata Saudi Arabia, iliyokuwa kali kuliko zote, imelegeza: Oktoba 2022 Waziri wa Hija na Umra, Tawfiq al-Rabiah, alitangaza kwamba mwanamke anayekwenda Hija au Umra halazimiki tena kuwa na maharimu, yaani mume au ndugu wa kiume wa kumsindikiza.

Hofu mbili

Hofu ya kwanza ina sababu. Kwa miaka mingi wasichana na wanawake wa Tanzania wamekwenda Oman na Falme za Kiarabu kufanya kazi za ndani, na baadhi yao wamerudi na makovu. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania katika nchi hizo mbili. Ilieleza habari za pasipoti kushikiliwa na waajiri, mishahara kukatwa au kutolipwa, saa za kazi zisizo na mwisho, kupigwa na kudhalilishwa. Mzizi wa mateso hayo ni mfumo wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake kiasi kwamba ni vigumu kuondoka bila ridhaa yake.

Wewe unakwenda kwa njia nyingine. Viza yako ni ya matembezi, pasipoti iko mkononi mwako, tiketi ya kurudi imelipiwa. Ulinde mpaka huo kati ya matembezi na kazi. Ukifika huko, mtu mwema akakuambia kuna familia inayotafuta mama wa kuwaangalizia mtoto "kwa mwezi mmoja tu", kataa palepale. Viza ya matembezi hairuhusu kazi, na siku utakayoipokea kazi hiyo ndiyo siku utakayopoteza ulinzi wote uliokuwa nao.

Hofu ya pili iko hapa hapa nyumbani, na watu hawapendi kuitaja. Vijiji vya Shinyanga na Geita vimezika akina mama wazee wengi waliokatwa mapanga kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi kwa ushahidi wa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na samadi jikoni. Mjane anayeishi peke yake na ana shamba lake amekuwa shabaha ya wivu wa mali. Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: safari yako isiwe habari ya kijiji kabla hujaondoka. Waambie wachache, yaani mtoto mmoja unayemwamini, rafiki wa rika lako, na kiongozi mmoja, awe wa mtaa au wa dini. Waachie nakala ya tiketi, jina na simu ya hoteli, na tarehe ya kurudi. Ukisharudi, fanya kinyume chake. Simulia wazi ulikokwenda, onyesha picha, eleza fedha ilitoka wapi, iwe ni kiinua mgongo au mauzo ya mpunga. Safari isiyosimuliwa na mwenyewe hutungiwa maneno na wengine, na maneno katika ukanda wetu yameua.

Kwa nini Oman kwanza

Nchi za Kiarabu ni nyingi, na mtu anaweza kuvutiwa na Cairo au Dubai. Kwa mama anayesafiri peke yake mara ya kwanza nashauri Muscat, kwa sababu huko ataeleweka akisema Kiswahili.

Uhusiano wa Oman na nchi yetu una historia ndefu, na si yote ya kupendeza. Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Zanzibar katika karne ya 19, na misafara ya biashara ikapenya bara hadi Tabora na nchi za Wanyamwezi na Wasukuma, ikitafuta pembe za ndovu na watumwa. Waarabu wengi waliofanya makazi Tabora walitoka eneo la Sharqiya, mashariki mwa Oman. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, familia nyingi zenye asili ya Oman zilikimbia. Sultan Qaboos bin Said alipotwaa madaraka Julai 1970, aliwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi kuijenga nchi. Waliotoka Unguja, Pemba, Mombasa na bara walirudi na Kiswahili chao. Leo unaweza kukutana na ofisa wa benki, muuguzi au dereva wa teksi mjini Muscat anayeongea Kiswahili cha nyumbani kwao, hasa akiwa mtu wa makamo. Udereva wa teksi nchini humo ni kazi ya Waomani wenyewe, kwa hiyo usione haya kuuliza, "Unasema Kiswahili?" Ukiitikiwa, utaitwa bibi au mama, na mazungumzo yatafika Tabora kabla gari halijafika hotelini.

Ukiwa Muscat, soko la Mutrah kando ya bahari ni la kutembea jioni, joto likipungua. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, hupokea wageni wasio Waislamu asubuhi, isipokuwa siku ya Ijumaa. Jifunike kichwa, mikono na miguu. Nje ya mji kuna Nizwa na ngome yake ya karne ya 17, pamoja na mnada wa mifugo wa Ijumaa ambao mtu wa Usukuma ataufurahia. Upande mwingine, katika eneo la Sharqiya lililotajwa juu, uko mji wa Ibra, unaojulikana kwa soko la wanawake la siku ya Jumatano. Wauzaji ni wanawake, na wanunuzi ni wanawake. Mama aliyezoea gulio atajisikia yuko mahali pake.

Nenda kati ya Novemba na Machi. Kuanzia Mei joto la Muscat hupita nyuzi 40, na kwa mwenye shinikizo la damu hilo si jambo la kujaribu. Angalia pia kalenda ya Ramadhani. Mwezi huo migahawa mingi hufungwa mchana, na kula au kunywa hadharani ni kosa hata kwa asiyefunga.

Mkristo naye asidhani atakosa ibada. Ruwi, ndani ya Muscat, kuna makanisa ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti yaliyojengwa kwenye ardhi iliyotolewa na Sultan Qaboos. Kwa kuwa Ijumaa ni siku ya mapumziko, ibada nyingi hufanyika siku hiyo.

Kwa anayekwenda Makka

Mwislamu anayetaka kutumia safari hii kwa Umra ana njia nyepesi zaidi kuliko aliyokuwa nayo mama yake, lakini aielewe tofauti ya Umra na Hija. Umra hufanyika karibu mwaka mzima, na tangu Saudi Arabia ilipoanza kutoa viza za utalii mwaka 2019, njia za kuingia zimeongezeka. Hija ina kibali chake maalumu. Anayekuambia kwamba viza ya matembezi inatosha kwa Hija anakupeleka kubaya. Juni 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 51, na mahujaji 1,301 walifariki kwa hesabu ya serikali ya Saudi Arabia. Asilimia 83 kati yao hawakuwa na vibali rasmi, kwa hiyo walitembea mwendo mrefu juani bila hema wala mabasi ya mahujaji. Miongoni mwao walikuwamo wazee. Nenda kwa wakala aliyesajiliwa, dai risiti, na usikubali mlango wa nyuma katika safari ya ibada.

Nyaraka: anza mapema

Kwa mama wa rika letu shida kubwa ya safari ni majina na tarehe ya kuzaliwa. Wengi tulizaliwa nyumbani, mwaka unaokumbukwa kwa njaa au mafuriko. Kanisani tukapewa jina moja, shuleni jingine, nyumbani tukaitwa Ng'wana fulani, na tulipoolewa tukaongeza la mume. Kitambulisho cha NIDA kinasema hivi, kitabu cha benki kinasema vile. Ofisi ya Uhamiaji haiwezi kukisia.

Kwa hiyo weka kila kitu mezani kabla ya kulipa chochote: kitambulisho cha taifa, cheti cha ubatizo au cha shule, cheti cha ndoa, kadi ya mpigakura, kitabu cha benki. Linganisha majina herufi kwa herufi. Yakipishana, nenda kwa wakili akuandikie hati ya kiapo, na kama kosa liko NIDA, lirekebishwe huko kwanza. Asiye na cheti cha kuzaliwa aanze na RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya. Kazi hii inaweza kuchukua miezi, na ndiyo sababu naiweka mbele ya viza na tiketi.

Pasipoti ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa mwaka 2018, ni shilingi 150,000 kwa ile ya kawaida na hudumu miaka 10. Maombi hujazwa mtandaoni, kisha unakwenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Mikono iliyoponda mawe au kushika jembe miaka mingi huwa na alama zilizofutika. Siku kadhaa kabla ya kwenda ipake mafuta na uipumzishe, na mashine ikikataa usiondoke kimya, omba wajaribu vidole vingine. Hakikisha pasipoti itabaki na uhai wa miezi 6 kuanzia siku ya kuingia nchi ya watu. Masharti ya viza hubadilika, kwa hiyo yasome kwenye tovuti ya serikali ya nchi unayokwenda au uulize ubalozi wake. Stori za stendi zisikutoshe.

Mwili

Pima shinikizo la damu, sukari na macho walau miezi miwili kabla ya safari, ili dawa zikibadilishwa upate muda wa kuzizoea. Mwombe daktari barua yenye majina ya dawa zako na vipimo vyake, ikiwa na mhuri. Dawa zikae kwenye pakiti zake na kwenye mkoba wa mkononi, zitoshe safari nzima na wiki moja ya ziada. Usihamishie vidonge kwenye kikopo. Zingatia dawa za maumivu: tramadol na kodeini, ambazo baadhi yetu tumeandikiwa kwa ajili ya mgongo na magoti, zinadhibitiwa vikali katika Falme za Kiarabu, na kuingia nazo bila kibali kunaweza kukufikisha mahakamani.

Kuhusu chanjo, ukishachanjwa homa ya manjano kadi yake ni ya maisha, lakini kwa mtu aliyevuka miaka 60 anayechanjwa mara ya kwanza, hatari ya madhara makubwa huongezeka. Usichanjwe kwa haraka uwanjani. Zungumza na daktari kwanza, ujue kama nchi unayokwenda inaidai kweli. Kwa Umra na Hija, chanjo ya homa ya uti wa mgongo ni lazima, na ipatikane siku 10 au zaidi kabla ya kufika.

Kutoka Dar es Salaam hadi Muscat au Dubai ndege huchukua muda wa saa tano hadi sita. Amka utembee, kunywa maji, vaa viatu visivyobana. Kama magoti ni mabovu, omba kiti cha magurudumu siku unayokata tiketi. Mashirika ya ndege hayatozi huduma hiyo, na mhudumu anayekusukuma atakupitisha pia uhamiaji na mizigo. Kata bima ya safari inayotaja matibabu, kwa sababu kadi ya bima ya afya ya NHIF haitakulipia hospitali ya Muscat.

Mkoba wako ni wako peke yako

Hapa ndipo mtu wa ukanda wetu wa dhahabu anapaswa kuwa mkali kuliko mtu wa mkoa mwingine. Falme za Kiarabu na Saudi Arabia zinahesabu vifaa vya uganga kuwa kosa, na forodha zao huvikamata. Hirizi uliyofungwa na mganga, kichupa cha mafuta yasiyo na jina, unga wa mizizi uliofungwa kwenye karatasi, vyote vibaki nyumbani. Unga usio na lebo utashukiwa kuwa dawa za kulevya, na Saudi Arabia adhabu ya kusafirisha dawa za kulevya inaweza kuwa kifo.

Pili ni dhahabu. Tangu soko la madini la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, serikali imeweka utaratibu wa dhahabu kuuzwa masokoni na kusafirishwa nje kwa kibali. Kila mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, anajua kwamba bei ya Dubai inavutia, na kila mlanguzi anajua kwamba mama mtu mzima hapekuliwi kwa dharau. Utafuatwa. Atakuja kijana mwenye heshima, pengine mtoto wa jirani, akuombe umpelekee "kifurushi kidogo" kwa rafiki yake Deira, Dubai. Jibu ni hapana, hata akilia, hata akiahidi kulipa nauli yote. Pete, hereni na mkufu wako vaa. Chochote ambacho hukukifunga mwenyewe kisiingie kwenye begi lako.

Fedha na njia

Nunua dola benki, mpya na safi, utunze risiti. Rial ya Oman ni fedha nzito, inazidi dola mbili na nusu za Marekani, na imegawanywa katika baisa 1,000. Bei ya chakula itaonekana ndogo hadi uipige hesabu kwa shilingi. Gawanya fedha mahali patatu: kiasi kidogo mkobani, kikubwa zaidi mwilini, na kadi ya benki uliyoiarifu benki kwamba itatumika nje. Weka pembeni kiasi cha kubadilisha tiketi na kulala hoteli siku tatu zaidi. Usikikope hicho, na usiondoke bila hicho.

Lala hotelini, hata kama una ndugu Muscat. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mama mwenye chumba chake humtembelea ndugu kwa hiari na kuondoka kwa hiari.

Kutoka Geita, Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko iliyokuwa ikiwachelewesha wasafiri wa uwanja wa ndege wa Mwanza. Kutoka Shinyanga na Kahama unaweza kwenda Mwanza vilevile, au kushuka kwa basi hadi Dodoma na kupanda treni ya SGR, iliyoanza kufika huko mwaka 2024. Vyovyote vile, fika Dar es Salaam siku moja kabla. Mwili uliotoka kwenye basi usiku hauko tayari kwa dirisha la uhamiaji alfajiri.

Siku za kwanza

Chagua ndege inayofika mchana. Vaa nguo ndefu pana na mtandio mwepesi. Dera au kitenge cha heshima kinatosha, na nje ya misikiti mgeni halazimiki kujifunika uso. Mwanamume asipokupa mkono usijisikie umedharauliwa, kwa wengi huko hiyo ndiyo heshima. Wanawake usiwapige picha bila kuwaomba. Migahawa mingi ina sehemu ya familia, na mwanamke aliye peke yake anakaribishwa hapo. Ukipitia Dubai, treni za metro zina behewa la wanawake na watoto. Litumie.

Kila jioni tuma ujumbe kwa yule mtoto uliyemwachia nakala, hata kama ni neno moja. Andika kwenye karatasi, nje ya simu, namba ya Ubalozi wa Tanzania. Tunao Muscat, Abu Dhabi na Riyadh, na ubalozi mdogo uko Dubai. Simu huisha chaji, karatasi haiishi.

Neno kwa msomaji

Wanawake wa ukanda huu tumelea watoto wetu na wa ndugu zetu, tumezika waume, tumeuza pamba kwa bei za kukatisha tamaa, na tumeona dhahabu ikitoka ardhini kwetu na kwenda tusikokujua. Si haki mtu wa namna hiyo afe bila kuvuka mpaka kwa sababu tu hakupata wa kumsindikiza. Kama una wazo hili moyoni, usisubiri mwana akubali wala mwaka upinduke. Wiki hii toa kitambulisho chako cha NIDA, kiweke kando ya cheti cha ubatizo na kitabu cha benki, usome majina. Yakifanana, nenda Uhamiaji. Yasipofanana, nenda kwa wakili. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kwenda Muscat, na haihitaji msindikizaji.